Kigoma mwisho wa reli: niende Kibirizi, Katonga au Ujiji?

Mtu wa Tabora:
Wakuu habari za jioni. Nina mpango wa kupanda treni na mama watoto pamoja na madogo wawili tuje Kigoma, hifadhi ya sokwe ya Gombe bajeti hairuhusu, sisi tunataka tu kijiji cha wavuvi chenye mandhari nzuri, mitumbwi, dagaa wakianikwa, samaki mbichi wa kuchoma. Twende wapi na muda gani?

Kibirizi Juu:
Karibu Lekadutigite, yaani Kigoma, mkuu. Kwanza angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo kukiwa na mbalamwezi vipe (boti za kuvulia dagaa) vinapumzika na mwalo, pale samaki wanaposhushwa, unapooza kabisa, utakuta watu wanashona nyavu na kucheza bao. Njoo kipindi cha giza, jioni ukae Kibirizi uone wanavyotoka, usiku Ziwa Tanganyika linawaka taa mpaka unadhani ng'ambo kuna mji, halafu alfajiri saa 12 urudi uwaone wakishusha mzigo na akina mama wanagombania bei, hapo ndo utamu wenyewe ulipo. Boti za kwenda Gombe nazo zinaondokea hapohapo.

Mama Migebuka:
Na aangalie tarehe pia, 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, ukija kipindi kama hicho utaangalia maji tu

Mtu wa Tabora:
Duh hilo la mwezi sikulijua kabisa, asanteni. Na watoto kuogelea je?

Kibirizi Juu:
Mwaloni hapana, pachafu na boti nyingi. Wapeleke ufukwe wa Jakobsen, jirani na Katonga, kuna kiingilio ila maji maangavu unaona mpaka samaki. Usiwaache peke yao lakini, hili ziwa ni la pili duniani kwa kina, linashuka ghafla.

Mha Original:
Mnamsahaulisha Ujiji jamani! Panda daladala, kuna makumbusho pale mwandishi Stanley alipokutana na mmisionari Livingstone 1871. Mwembe wanaosema walikutania chini yake ulishakufa, iliyopo ni watoto wake, wageni wanapiga picha hawajui haha. Kwa mandhari mimi nasema Katonga, Ujiji ni historia.

Mama Migebuka:
Kwa kula agiza samaki wa huku, mgebuka au kuhe, wa mawese na ugali wa muhogo. Na wewe wa Tabora usije mikono mitupu, asali hiyo 😂