Ngome ya udongo ya Bahla: imesimamaje karne zote hizo?

MwanaKuze

Assalam aleikum jamaa. Fort Jesus yetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, tena imekaa juu ya mwamba, kwa hiyo kusimama kwake tangu 1596 kunaeleweka. Kinachonishinda ni Bahla kule Omani: matofali mabichi, hayakupita motoni, nayo ni kongwe kuliko Fort Jesus kwa karne kadhaa. Kiambaza cha kwetu kikikosa kukandikwa misimu miwili tu ya masika, fito ziko nje.

Naomba wanaojua wanifafanulie. Kwanza, nasoma kwamba Waomani walijengea saruji. Ndiyo simiti hii hii? Pili, mbona basi wahifadhi wanakataza simiti kwenye ukuta wa udongo? Tatu, ngome ya Bam ya Irani ilikuwa kubwa kuliko Bahla na ya udongo vilevile. Mbona iliporomoka alfajiri moja?

FundiKiambaza

Waaleikum salaam. Nianze na hilo neno, maana limewapoteza wengi. Saruji ya Waomani si simiti. Jina tulilichukua huko, kisha tukalibandika kwenye mfuko wa kiwandani. Yao ni udongo wa mfinyanzi: unalowekwa, unafinyangwa mabonge, unaanikwa, halafu unapangwa juu ya magogo ya mitende na kuchomwa siku kadhaa. Ukipoa unapondwa unga na kuchanganywa na chokaa. Mchanganyiko huo hukaza hata ndani ya maji, ndiyo maana waliutumia kwenye falaji, yaani mifereji yao ya kale ya maji, kwenye matangi, na kwenye ngome za mawe kama Nizwa. (Mnara wa Nizwa ulijengwa na Imam Sultan bin Saif, baba wa Saif bin Sultan ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus mwaka 1698.) Tofali bichi halikuhitaji saruji. Liliunganishwa kwa udongo wa aina ile ile liliyofyatuliwa nayo, ili tofali na kiungio vivimbe pamoja na vinywee pamoja.

Sasa Bahla yenyewe. Ilikuwa makao ya Wanabahani, waliotawala Omani ya ndani kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa ya 15. Ni jina ambalo watu wa Pate hawahitaji kuelezwa, kwani masultani wao walijinasibisha nao. Ngome ina upande wa kusini wenye kama mita 112 na wa mashariki kama mita 114, na ndani yake kuna sehemu tatu za nyakati tofauti: al-Qasabah, ambayo ndiyo kongwe, kisha Bait al-Jabal na Bait al-Hadith. Nje yake ukuta wa mji unazunguka nyumba na mashamba ya mitende kwa kilomita 12 hivi.

Siri unayoitafuta iko miguuni. Udongo umeinuliwa juu ya msingi wa mawe. Maji ya ardhini hupanda ndani ya udongo kama mafuta ya taa kwenye utambi, na yakifika usoni pa ukuta hukauka na kuacha chumvi. Chumvi ikiganda huvimba na kuubomoa udongo punje kwa punje. Ongeza matone ya mvua yanayoruka kutoka chini, na baada ya miaka michache ukuta umeliwa tumbo la ndani sentimita 20 juu ya ardhi, huku juu bado mzima. Unaanguka kwa uzito wake wenyewe. Jiwe linakata utambi huo. Kwa mvua za Mombasa, zinazopita milimita 1,000 kwa mwaka, msingi wa jiwe ushuke chini ya nusu mita juu ya ardhi na umeshapoteza kazi.

BintiMakadara

Fundi ameeleza miguu, niongeze kichwa. Paa bapa la udongo halisimami bila milizamu. Juu ya magogo huja mikeka ya makuti ya mtende, kisha udongo ulioshindiliwa wenye mteremko mdogo, na maji yote yanasukumwa kwenye mlizamu unaotokeza mbele ya ukuta kiasi cha kutosha yasiulambe. Mlizamu mmoja ukiziba kwa majani, shimo unaloliona ukutani mvua ikikatika liko hapo chini yake. Sehemu kubwa ya ukuta wa udongo hufa kwa maji ya paa, si kwa mvua inayoupiga usoni.

Na tusidhani Bahla ilisimama yenyewe. Ilipoandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987 ilikuwa imeachwa bila matengenezo, na kila msimu wa mvua kipande kingine kilidondoka. Mwaka uliofuata iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na haikutolewa hadi 2004, baada ya kutengenezwa upya kwa udongo. Kwa hiyo, kaka MwanaKuze, kiambaza cha kwenu na ngome ya Bahla vina sharti moja: kukandikwa.

Suala la simiti. Plasta ya simiti ni ngumu na haipumui. Ukuta wa udongo hupanuka na kusinyaa kila siku, plasta haifuati, inapata ufa mwembamba kama unywele. Maji huingia kwa ufa huo na hayana pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi kuliko awali. Kwa nje unaona ukuta safi, ndani umeshakuwa tope. Siku plasta inapobanduka huja na udongo wake, wakati mwingine nusu ya unene. Wanaotia wavu wa kuku chini ya plasta wanaahirisha tu, kwa sababu wavu nao unapata kutu. Anayetaka weupe apake chokaa, inapumua.

Mzee_wa_Kalibu

Nakubaliana na wote wawili, ila mmeruka tofali, na tofali likiwa bovu msingi wa jiwe hauliokoi.

Pima udongo kwanza. Jaza chupa nyeupe theluthi moja kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa vizuri, iache siku nzima. Mchanga hukaa chini karibu papo hapo, vumbi laini linafuata, mfinyanzi huwa wa mwisho juu. Mfinyanzi uwe kati ya asilimia 15 na 30. Ukipungua, tofali linamomonyoka mkononi. Ukizidi, linapasuka likikauka, na dawa yake ni kuongeza mchanga, si maji.

Mabua yaliyokatwa urefu wa kidole, debe moja kwa madebe matano ya udongo. Changanya, funika, uache ulale siku mbili tatu na ukanyagwe tena kabla ya kufyatua. Kalibu (kiunzi cha kufyatulia) ya sentimita 40 kwa 20 kwa 10 inatoa tofali la kilo 13 hivi. Ukuta wa unene wa sentimita 40, tofali likilazwa kwa kukingama, unakula kama matofali 38 kwa mita moja ya mraba. Anika bapa siku tatu au nne, simamisha kwa ubavu, na subiri wiki tatu nne. Wanaoharakisha juani wanapata ngozi ngumu na moyo mbichi. Livunje moja: katikati pakiwa na rangi nyeusi kuliko pembeni, bado. Likiangushwa kutoka usawa wa kiuno, likamegeka pembe tu, limeiva.

Mabua yakizidi ni hasara, na hapo naingia Bam. Tetemeko la tarehe 26 Desemba 2003 lilikuwa la ukubwa wa 6.6, na mji ule ulipoteza zaidi ya watu 26,000. Waliochunguza vifusi waliona kwamba kuta nyingi zilizoanguka vibaya ni zile zilizokuwa zimetengenezwa upya katika karne ya 20. Tabaka jipya lilikuwa limebandikwa tu juu ya kiini cha kale bila kufungamana nacho, kwa hiyo vilipotikiswa kila kimoja kilienda njia yake. Mabua nayo yalikuwa yameita mchwa, na mchwa wakaacha ukuta una mapango ndani. Tangu hapo nyuzi za mtende zimetumika kwenye matofali mapya ya Bam, na kwenye Nyumba ya Sistani, nyumba ya kale mle ndani ya ngome, wahandisi wa chuo kikuu cha ufundi cha Dresden waliingiza vifimbo vya nyuzi za glasi ndani ya kuta ili zishikane. Kwa pwani yetu, usumba wa nazi unastahimili kuoza kuliko mabua.

MwanaKuze

Allah awazidishie. Swali la mwisho: ukuta ulioliwa chini, lakini bado umesimama, unazibwaje bila kuuangusha?

FundiKiambaza

Kwa vipande. Usifungue zaidi ya mita moja kwa mara moja, na usifungue vipande viwili vinavyopakana. Ruka kimoja, urudi baadaye. Kabla ya yote ondoa sababu: mtaro, mlizamu, au udongo uliorundikana ukutani. Kisha kwangua yote yaliyolegea na yenye unga mweupe wa chumvi hadi ufike kwenye udongo mgumu, na usiurudishe udongo huo kwenye mchanganyiko. Nyunyiza maji kidogo, usilowe. Panga matofali makavu kwa kiungio chembamba, kisichozidi sentimita mbili, kwa sababu kiungio kinene kikinywea kinaacha mwanya na mzigo wa juu unashuka. Safu ya mwisho ya juu usiikaze siku hiyo. Iache wiki mbili, yaliyo chini yakinywea yamalizike, ndipo ushindilie udongo mkavukavu kwa mti hadi usisikie tena sauti ya uwazi. Kukandika kuje mwisho kabisa, mikono miwili: wa kwanza sentimita mbili wenye mabua, wa pili mwembamba wenye mchanga mwingi, na wa kwanza uwe umeshapasuka mipasuko yake yote kabla ya kuupaka wa pili.