Msikiti uliokupokea ughaibuni: tupeane uzoefu

mtanga_kobe
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumbani Tanga nilikuwa na misikiti mitatu hatua chache toka mlangoni, nachagua imamu anayemaliza haraka (Allah anisamehe). Nilipokuja Japani kwenye biashara ya magari yaliyotumika, Kobe nikaelekezwa mmoja tu, ule wa mtaa wa Kitano wenye minara miwili. Ulifunguliwa 1935, wa kwanza Japani nzima. Mabomu ya 1945 yaliunguza mitaa ya jirani, wenyewe ukabaki umesimama. Tetemeko la 1995 nalo likauacha.

Hayo nimeyajua baadaye. Ijumaa ya kwanza mvua ilininyea mpaka soksi. Mzee mmoja Mpakistani akanyanyua viatu vyangu pale mlangoni, hakuniuliza kitu, akavijaza magazeti vikauke. Hotuba nikaambulia aya tu. Baada ya swala ndipo akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Uso ukamchangamka: “Aaa, Tanzania! IST! Noah!” Kumbe naye anauza magari. Mteja wangu wa kwanza kaniunganisha yeye, tumekaa palepale kwenye ngazi.

Haya, na nyie?

bi_shela
Wa alaykum salaam kakangu. Mimi wa Lamu, niko Tromsø, kaskazini kabisa ya Norwe. Huku Juni nzima jua halizami, na Ramadhani ya 2015 ikaangukia humohumo. Mwanangu akaniuliza, “Mama, magharibi imekwenda wapi?” Nikakosa la kumjibu. Twafuata saa za Makka, kwa hivyo muadhini wetu ni saa ya ukutani. Mwaka ule tulifuturu jua liko juu ya mlima, mapazia tumeyashusha ili tende zipate japo giza kidogo. Wasomali huleta sambusa, mimi kaimati. Siku moja sikuzileta kwa homa, nilipigiwa simu na watu watatu. Mmoja tu ndiye aliyeulizia homa.

fundi_Polandi
Wetu hauna kuba wala mnara, ni chumba cha kupanga, zamani duka la mazulia. Mwenye nyumba alituachia moja. Mistari yake imekaa upande, kwa hiyo mgeni lazima aelekezwe kibla, la sivyo anaswali kuelekea jikoni.

mtanga_kobe
😂😂 Bi Shela, hizo kaimati ni za tui au za shira?

bi_shela
Za shira. Nazi ya huku ni ya kopo, siitii mkono.