Mjadala: Jenereta ipigwe marufuku kwenye sinema na muziki wa uwanjani mtaani?

Mleta mada
Wakuu, vikundi visivyo na mfadhili vinavyoonyesha sinema, kupiga muziki wa singeli au kusoma mashairi usiku kwenye viwanja vya mitaa ya Dar vinaendeshwa na jenereta ya petroli. Napendekeza ofisi ya serikali ya mtaa iweke sharti moja: shughuli isiyozidi kilowati 1 itumie betri. Jenereta ya fremu, isiyo na kasha, hutoa desibeli 70 hivi ukiwa mita 7 kutoka ilipo. Uwanjani kelele hushuka desibeli 6 kila umbali ukiongezeka maradufu, kwa hiyo mita 28 bado ni 58, na huko ndiko kwenye dirisha la jirani. Mpiga muziki naye anapandisha spika ili aizidi jenereta. Jirani anavumilia vyote viwili. Msiseme marufuku itaua shughuli: mifuko ya plastiki, rambo, ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na Kariakoo bado wanafungasha bidhaa kwa mifuko mingine.

Mwonyesha Sinema
Naunga mkono, ila tuanze na hesabu maana watu wanaogopa namba iliyoandikwa mgongoni mwa spika. "Wati 1,000" ni kilele cha muda mfupi sana. Spika yenye amplifaya ndani, ikipigwa kwa kiasi cha uwanja wa watu 150, hula wastani wa wati 100. Projekta 300, spika mbili 200, kompyuta 60, taa za LED za njiani 40. Jumla wati 600. Saa 3 ni uniti (kilowati-saa) 1.8, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikila asilimia 10 hadi 15 unafika 2.1. Betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 200, inabeba 2.56. Inatosha, lakini inabakiza kama dakika 40 tu. Atakayeongeza filamu "moja tu ya mwisho" ya saa nzima atazimikiwa kabla haijaisha.

Hapana Kibali
Mnaongelea wati, mimi naongelea karatasi. Filamu ya hadharani tayari inapita Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976. Msanii ana BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Muziki una haki zake za kulipia. Bado mwenyekiti wa mtaa na polisi. Leo mnaongeza ukaguzi wa betri? Atakayebaki uwanjani ni kampuni ya simu yenye hema na lori, kikundi cha vijana kitarudi kwenye kibanda umiza, kile chumba cha video cha mtaani. Betri hiyo na inveta yake ni ghali kuliko jenereta ndogo, na hilo mmeliruka.

Kama tatizo ni kelele, isogezeni jenereta. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30 kwa volti 230 na mzigo wa wati 600 unapoteza volti 2 tu. Iweke nyuma ya ukuta wa tofali, moshi uelekee mbali na watu, kwisha.

Fundi Inveta
Mkuu, hesabu ya waya iko sawa, na kuisogeza ni bora kuliko kuificha nyuma ya shuka la sinema, ambako moshi unarudi kwa watoto wanaokaa mbele. Moshi huo una kaboni monoksidi, haina harufu. Lakini lita 2 au 3 zinaendelea kuungua kila onyesho, kilo 5 hadi 7 za hewa ukaa, na bei ya uniti 3 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, za kujaza betri haifikii hata lita moja ya petroli.

Wanaohamia kwenye betri nawaonya: onyesho likizima, mara nyingi betri bado ina chaji na kosa liko kwenye waya. Upande wa volti 12, wati 600 ni ampea 55 hivi. Ukiunga betri na inveta kwa waya wa 6 wenye urefu wa mita 2, kwenda na kurudi ni mita 4, unapoteza volti 0.64. Besi ikigonga ampea zinapanda, inveta inaona volti ziko chini, inapiga kelele na kukata. Tumia waya wa 25, usizidi mita 1, viunganishi vya ncha za waya vibanwe kwa koleo la haidroliki badala ya nyundo, fyuzi ya ampea 100 ikae karibu na betri. Inveta iwe ya wimbi laini. Zile za bei poa za wimbi la ngazi zinafanya spika zigune "mmmm" na adapta zichemke.

Betri za asidi msidanganyike na bei. Ampea-saa 200 ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, hivyo unahitaji mbili, na kila moja ina uzito wa kilo 60 hivi. Nani atazibeba kwenye bajaji?

Dada Flexi
Jamani, mnagombana juu ya lita 3 huku bango limening'inia juu ya vichwa vyenu. Flexi ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC. Likiandikwa tarehe limekufa siku hiyo hiyo, na likichomwa jalalani linatoa gesi yenye asidi. Chukueni marekani mita 3, rangi ya maji, jina la kikundi lichorwe kwa mkono. Tarehe iwe kipande kinachobandikwa kwa pini. Hilo halihitaji sharti la mtu.

Mleta mada
Dada, hilo nalipokea lote. Hapana Kibali, nawe nimekusikia, naibadilisha hoja: lisiwe sharti la kibali. Ofisi ya mtaa inunue seti moja, vikundi vikodi kwa usiku.

Hapana Kibali
Hapo tunaelewana nusu. Mali ya umma haina mwenyewe. Mwezi wa pili mtakuta chaja imepotea na betri inawasha taa za ofisini.

Fundi Inveta
Funga mita ya ampea-saa kwenye waya hasi, usomaji uandikwe daftarini wakati wa kutoka na wa kurudi, kikundi kilipie kilichotumia. Chaja ifungwe ukutani isibebwe, na iwe ya lithiamu. Ya asidi yenye hatua ya kusafisha betri inapandisha volti mpaka betri inajizima. Halafu ratiba: chaja ya ampea 20 inachukua saa 10 kujaza ampea-saa 200. Kikundi cha Ijumaa kikichelewa kurudisha, cha Jumamosi kinaingia uwanjani na betri nusu. Mwisho wa kurudisha uwe saa 1 asubuhi, hapo saa 11 jioni imejaa.

Mwonyesha Sinema
Na masika je? Sanduku la betri likiwekwa chini kwenye majani limelowa kabla shuka halijafungwa.

Fundi Inveta
Kreti ya soda iliyopinduliwa, sanduku juu yake, turubai juu ya sanduku. Pembeni acha wazi sentimita 20, inveta inahitaji kupumua.