Tunapokea sukari ya mbunge, kisha tunamlilia kwa maji

Wakuu, salaam.

Hasira niliyo nayo leo siielekezi kwa wanasiasa. Naielekeza kwetu sisi wapiga kura wa Mwanza, hasa majirani zangu walionizomea katika mkutano wa hadhara nilipomwuliza mbunge, aliyekuja kuomba tumrudishe bungeni, fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo zilitumikaje katika kata yetu. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, fedha zake ni za umma, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo sikuuliza jambo la siri wala la kumvunjia mtu heshima. Kabla hajafungua kinywa, watu wakapaza sauti: "Kaa chini! Mwache mheshimiwa aseme anatuachia nini!" Akatuachia vitenge na sukari kilo moja moja, akapanda gari, akaondoka bila kujibu.

Mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni aliniambia baadaye kwamba kitenge hicho ndicho kitu pekee atakachokipata kwa mtu huyo ndani ya miaka mitano, basi ni heri akichukue. Naielewa hoja yake, na ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mtu aliyekwisha kukulipa hajioni tena kuwa na deni kwako.

Ibara ya 63 ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Haisemi kwamba mbunge anunue jeneza, alipe ada ya mtoto au achangie harusi, lakini sisi tunampima kwa hayo, na yule anayekesha akichambua bajeti tunamwita bahili. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima, yaani zawadi na ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010, na bado tunaidai takrima hiyo hiyo kwa vinywa vyetu wenyewe, mchana kweupe, mbele ya watoto wetu.

Najua yapo malalamiko mazito kuhusu namna chaguzi zetu zinavyosimamiwa, nayo yanastahili uzi wake. Hata hivyo, hakuna msimamizi wa uchaguzi aliyetushika mikono tupokee sukari. Mwaka 2010 wapiga kura wa jimbo la Nyamagana, hapa hapa Mwanza, walimwangusha waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa madarakani, katika uchaguzi ambao nchi nzima waliojitokeza hawakufika hata nusu ya waliojiandikisha. Watu wa jiji hili waliwahi kukataa, kwa hiyo nakataa kuambiwa kwamba hatuwezi.

Sukari imekwisha. Mtaani kwetu maji ya bomba hayajatoka kwa siku tisa, ilhali ziwa tunaliona kutoka mlangoni, na jana jirani aliyenizomea kwa sauti kubwa kuliko wote amekuja kuniomba nimwandikie mbunge barua ya malalamiko. Nimemwandikia. Katika aya ya kwanza nimeliweka lile swali la mfuko wa jimbo, na nimemwambia kwamba safari hii atatia saini yeye.