Bagamoyo ipewe wenye hoteli, au iachwe na utulivu wake?

Mtu wa Bunju: Wakuu, Jumamosi niliipeleka familia Bagamoyo. Kilomita sabini na kitu kutoka Dar, lakini ukiingia Mji Mkongwe unasikia hata kuti likidondoka. Ila nyumba zinaanguka. Wapewe wenye fedha wafungue hoteli. Sasa hivi ni mji wa huzuni, jina lenyewe la watumwa: bwaga moyo, hurudi tena.

Binti Dunda: Hoteli tutaongea. Huzuni hapana, kaka. Bibi yangu alitufundisha waliobwaga moyo ni wapagazi. Mnyamwezi katembea miezi na pembe begani, kaiona bahari, katua mzigo. Hilo ni jina la kupumzika.

Mpita Njia: Kwa hiyo utumwa haukuwepo? Msitufutie historia!

Binti Dunda: Nani kasema haukuwepo? Mapadri walipofika 1868 walilea watoto waliokombolewa utumwani, kila mtoto wa hapa anajua. Nakataa mji mzima kupakwa msiba. Sisi tunaishi humu, tunaoana humu.

Mstaafu: Na Bushiri je, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Mjerumani? Si Mjerumani alimnyongea hapo hapo Bagamoyo?

Mpangani: Shikamoo mzee wangu. Bushiri alinyongwa kwetu Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo wasibebe kila kitu, hata makao makuu Mjerumani aliwanyang'anya akayapeleka Dar 1891.

Mstaafu: Marahaba. Nimesahihishwa.

Binti Dunda: Kunyang'anywa ndiko kulikotuachia mji, Mpangani. Dar wamebomoa ya kwao wakajenga maghorofa.

Fundi Chokaa: Mnagombania jina, nyumba zinakufa. Nimefanya kazi Mtaa wa India. Kuta zile ni matumbawe na chokaa, zinapumua. Tajiri mmoja akang'ang'ania saruji. Masika moja tu, unyevu umenasa ndani, lipu inabanduka kama ganda la muhogo, boriti za mikoko ukizigusa zinamong'onyoka. Hoteli sawa, lakini kwa chokaa.

Mtu wa Bunju: Hilo sikulijua, fundi. Chokaa hiyo bado inachomwa huko?

Mpita Njia: Binti, kuhusu jina bado hujanijibu.

Binti Dunda: Nenda misheni, uuangalie ule mnara. Februari 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ulilazwa pale. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Uniambie wale walipoutua walibwaga moyo kwa maana yako au ya bibi yangu.