Naomba ushauri: uhudumu wa mgahawa wikendi, Dallas

Habari wakuu. Natafuta kazi ya uhudumu hapa Dallas, Ijumaa na Jumamosi jioni tu. Texas mwajiri anaruhusiwa kulipa dola 2.13 kwa saa, na huongezea pale tu malipo hayo pamoja na bakshishi yasipofikisha kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa, kwa hiyo kuchagua mgahawa ndiyo kazi yenyewe. Cheti cha usafi wa chakula na kile cha kuuza pombe (TABC) ninavyo.

Steki au vyakula vya baharini, wapi bili ni kubwa na meza hujaa mara mbili tatu kwa usiku? Wageni kazini husukumiwa zamu za mchana, bili ndogo. Je, nianze kama msaidizi wa mhudumu? Na bakshishi zikichangwa, mnagawanaje? Meneja kisheria haruhusiwi kuchukua humo.