pybind11: naongeza kipimo kwenye orodha, upande wa C++ hakifiki

nahodha_wa_kodi (Shela, Lamu)
Asalaam aleikum wajuzi. Naandika programu ya kuwajulisha manahodha saa ambazo mfereji wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, una maji ya kutosha kupitisha mashua ziendazo Pate. Hesabu ya kujaa na kupwa inafanywa na laibrari ya C++, nami naifunika kwa pybind11 ili niitumie kutoka Python. Ndani ya darasa la Kituo mna vipimo, vekta (orodha ya namba ya C++) ya aina ya std::vector<double>:

`.def_readwrite("vipimo", &Kituo::vipimo)`

Kusoma hakuna tabu. Ila nikiandika `kituo.vipimo.append(2.9)`, halitoki kosa lolote na orodha haiongezeki. Ajabu ni kwamba `kituo.jina` nikiibadilisha inabadilika. Ukimya huu ndio unaonitia hofu: nahodha akipewa saa isiyo sahihi siku za maji mafu, atakwama mikokoni na abiria wake.

mwashi_malindi
Waaleikum salaam ndugu yangu. Bila shaka umeingiza `pybind11/stl.h`. Hiyo hugeuza vekta kuwa orodha ya Python kwa kuinakili, tena kila unapoisoma. `kituo.vipimo` ina sura ya kisanduku, kumbe nyuma yake kuna kazi inayoitwa. Ulipewa nakala, ukaitia 2.9, ikatupwa papo hapo. Jina linabadilika kwa kuwa alama ya `=` huita kazi ya kuandika. Jaribu `kituo.vipimo = orodha_mpya`, utaona inafika.

Unaweza kutumia `PYBIND11_MAKE_OPAQUE` pamoja na `py::bind_vector`, na hapo append itagusa vekta yenyewe. Lakini kwa kazi inayobeba roho za watu, mimi nisingeacha vipimo viguswe ovyo. Weka `def_property_readonly` inayorudisha `py::tuple` (orodha ya Python isiyobadilishika), kisha toa kazi ya `ongeza_kipimo` inayokagua namba kabla ya kuipokea. Tuple haina append, kwa hiyo atakayekosea atapigiwa kelele mara moja.

bi_mkubwa_cpp
Naongezea, wanangu. Mkifuata njia ya OPAQUE na kuandika lambda (kazi fupi isiyo na jina) ya kusoma wenyewe, andikeni wazi `-> std::vector<double>&`. Mkiiacha, C++ hurudisha nakala kimyakimya na tatizo ni lile lile. Ikirudi rejeleo, yaani vekta yenyewe wala si nakala, `def_property` hutumia `reference_internal`: Kituo hakifutwi maadamu kuna anayeishika vekta yake.

nahodha_wa_kodi
Shukran sana Bi Mkubwa, shukran kaka. Nimechukua tuple. Append sasa inatoa AttributeError, na `ongeza_kipimo` inakataa namba hasi. Nahamia kwenye saa za kupwa.